Kliki Moja ni Kiasi Gani? Namna ya Kusoma na Kutumia Vipimo vya Darubini ya Bunduki

Ukiifungua kofia ndogo iliyo juu ya darubini ya bunduki, utakuta kifundo cha chuma kilichozungukwa na mistari myembamba kama ile ya rula, na pembeni mwake mshale mmoja pamoja na maandishi madogo mno ambayo mtu wa umri wangu huyasoma kwa kuazima miwani. Kwenye baadhi ya darubini pameandikwa 1/4 MOA, kwenye nyingine 0.1 MRAD, kwenye nyingine 1 cm/100 m au 7 mm/100 m, na zile za zamani zaidi huwa na robo inchi peke yake bila kueleza ni kwa umbali gani, kana kwamba aliyeichonga aliamini kuwa dunia nzima inajua. Kila unapokizungusha kifundo hicho utasikia mlio mdogo wa "tik", na utauhisi pia kwenye ncha ya kidole. Hatua hiyo moja, kutoka mlio hadi mlio, ndiyo walengaji wanayoiita kliki, na maandishi yale madogo yanakueleza ukubwa wake.

Mwongozo huu nimewaandikia wenye bunduki kwa leseni: askari wa wanyamapori, wakulima wa upande wa Handeni na Kilindi ambao nguruwe pori huwamalizia mahindi, na wachache wanaolenga shabaha kwa michezo. Wengi wao hufika barazani kwangu hapa Tanga na darubini tupu mkononi, bunduki wameiacha nyumbani chini ya kufuli kama inavyotakiwa, na swali lao huwa lilelile: "Mzee, kliki moja ni sentimita ngapi?" Nami huwauliza kwanza shabaha yao iko umbali gani. Asiyenitajia umbali siwezi kumjibu, na si kwamba nambania elimu. Kliki hupima pembe, na sentimita huzaliwa pale tu pembe hiyo inapokutana na umbali. Hilo likishakaa kichwani, yaliyobaki ni hesabu za shule ya msingi.

Sisi watu wa pwani mfano wake tunao tayari baharini. Nahodha akiondoka bandari ya Tanga kuelekea Pemba, akaikosea dira kwa digrii moja tu na kuishikilia hiyohiyo njia nzima, baada ya kilomita 6 atakuwa ametoka kwenye mstari wake kwa mita 105 hivi, jambo ambalo mabaharia wake huenda wasilitambue. Akifika kilomita 60 atakuwa ametoka kwa zaidi ya kilomita moja. Hakuongeza kosa lolote njiani; pembe ni ileile aliyotoka nayo bandarini, ila umbali umeikuza. Kukizungusha kifundo cha darubini kwa kliki moja ni kama kuusogeza usukani kwa kiasi kidogo sana kisichobadilika, ambacho kwa mita 25 hakionekani hata kwa jicho, lakini kwa mita 300 kinatosha kuihamisha risasi kwa upana wa vidole viwili.

Pembe ya kwanza: dakika

Herufi MOA husimama kwa dakika ya pembe. Duara zima lina digrii 360, kila digrii imegawanywa katika dakika 60, kwa hiyo duara lina dakika 21,600. Dakika hii haihusiani na saa ya ukutani. Ni ileile inayoandikwa kwenye ramani za mabaharia. Tanga iko takribani digrii 5 na dakika 4 kusini mwa ikweta, na Bagamoyo iko takribani digrii 6 na dakika 26, kwa hiyo tofauti yao ni dakika 82. Kwa kuwa maili moja ya baharini, yaani mita 1,852, ilitokana na dakika moja ya mzingo wa dunia, mtu anaweza kusema papo hapo kwamba Bagamoyo iko kama maili 82 za baharini kusini mwa Tanga bila kugusa rula. Naleta habari hii kwa sababu nimeona wavuvi wakiielewa dakika ya darubini haraka kuliko watu waliosoma miaka mingi zaidi yao.

Kwa mlengaji, namba ya kukariri ni moja: dakika moja kwa mita 100 ni milimita 29.1, yaani sentimita 2.9. Kwa mita 200 ni mara mbili ya hapo, kwa mita 50 ni nusu. Lakini darubini nyingi za aina hii hazisogei kwa dakika nzima. Zinasogea kwa robo dakika, na ndiyo maana ya 1/4 MOA. Robo ya milimita 29.1 ni milimita 7.27. Zipo pia za nusu dakika, ambazo hutoa milimita 14.5 kwa kliki moja kwa mita 100, na za thumni ya dakika, yaani sehemu moja ya nane, zinazopendwa na wanaopiga karatasi kwa mashindano, ambazo kliki yake ni milimita 3.6 tu. Wapo wanaodhani kliki ndogo ndiyo darubini bora. Mimi siafiki, kwa maana mkulima anayemlenga nguruwe kwa mita 80 hana haja ya kuhesabu kliki thelathini ili asogeze tundu la risasi kwa kiasi ambacho ungekisogeza kwa kliki kumi na tano.

Pembe ya pili: mili

MRAD, au MIL kama wengine wanavyoandika, ni miliradiani, sehemu moja ya elfu ya radiani. Aliyepita sekondari atakumbuka kwamba radiani ni pembe ambayo tao lake lina urefu sawa na nusu kipenyo cha duara, ambayo ni digrii 57.3 hivi. Ukiikata mara elfu unapata pembe yenye sifa moja nzuri sana: upana wake ni sehemu moja ya elfu ya umbali wowote utakaoutaja. Kwa mita 1,000 mili moja ni mita moja, kwa mita 100 ni sentimita 10, kwa mita 50 ni sentimita 5. Darubini nyingi za mili husogea kwa sehemu moja ya kumi ya mili, yaani 0.1, na kwa hiyo kliki moja ni sentimita moja kamili kwa mita 100. Darubini iliyoandikwa 1 cm/100 m ni hiyohiyo, ila mtengenezaji amekuondolea adha ya neno.

Kwa sisi tunaopima kwa mita na sentimita tangu shuleni, naona mili ni kipimo cha kirafiki zaidi, na mtu akiniomba ushauri kabla ya kununua humwelekeza huko. Haina maana kwamba dakika ni kipimo kibaya. Kilizoeleka kwao, Marekani na Uingereza, ambako umbali ulipimwa kwa yadi na matundu kwa inchi, kwa sababu dakika moja kwa yadi 100 ni inchi 1.047, karibu sana na inchi moja kamili. Bahati hiyo huvunjwa na mita.

Bahati hiyohiyo ndiyo iliyozaa ile darubini ya robo inchi isiyotaja umbali. Hapo hukusudiwa robo inchi kwa yadi 100, na yadi 100 ni mita 91.4 tu, si mita 100. Ukiihamishia kwetu, kliki yake kwa mita 100 ni milimita 6.9, na ndiyo sababu watengenezaji wengine huandika 7 mm/100 m. Tofauti kati ya robo inchi na robo dakika ya kweli ni asilimia 4.7, ambayo kwa kliki nane huwezi kuiona kwa macho, lakini kwa kliki 100 inazidi sentimita 3 kwa mita 100. Mwenye kurekebisha kidogo asisumbuke nayo.

Linalopaswa kumsumbua ni kuchanganya dakika na mili, na hapa nasema kwa uchungu wa yaliyonipata. Nilipokuwa bado kazini nilikabidhiwa bunduki yenye darubini mpya, na kwa kuwa ile niliyoizoea ilikuwa ya sentimita moja kwa mita 100, sikuona haja ya kuvaa miwani na kusoma. Nikapiga risasi tatu kwa mita 100, zikaanguka sentimita 11 chini ya kitovu. Nikapandisha kliki 11. Nikapiga tatu nyingine, zikawa sentimita 3 chini. Nikalaumu risasi, nikalaumu skrubu, nikamlaumu hata aliyeshika kitako kabla yangu. Nikaongeza kliki tatu, nikapiga tena, bado milimita nane zikabaki. Risasi tisa zilikuwa zimekwenda, na risasi si bei ya karanga, ndipo kijana mmoja aliyekuwa akituokotea maganda alipoinama, akasoma kifundo na kusema kwa adabu, "Shikamoo mzee, hii imeandikwa robo." Kliki 11 za milimita 7.27 ni sentimita 8. Nilichohitaji tangu mwanzo ni kliki 15.

Kutoka tundu hadi idadi ya kliki

Hesabu yenyewe ina hatua mbili tu. Kwanza tafuta kliki moja ni sentimita ngapi kwa umbali ulipo, kisha gawanya umbali wa matundu kutoka kitovuni kwa namba hiyo. Tuseme kundi la matundu limekaa sentimita 6 chini na sentimita 4 kushoto kwa mita 100. Mwenye darubini ya 0.1 mili atapandisha kliki 6 kwa kifundo cha juu na kupeleka kulia kliki 4 kwa kile cha ubavuni, wala hahitaji kalamu. Mwenye robo dakika atagawanya 6 kwa 0.727 apate 8.25, apandishe kliki 8. Halafu 4 kwa 0.727 apate 5.5, na hapo achague 5 au 6, kwani nusu ya kliki haipo na mkono wa mtu hauwezi kuitofautisha.

Sasa matundu hayohayo, sentimita 6 chini na 4 kushoto, yatazame kwa mita 50. Umbali umekatwa nusu, kliki nayo imekatwa nusu: ya mili imekuwa milimita 5 na ya robo dakika imekuwa milimita 3.6. Kwa hiyo unahitaji kliki 12 za mili kwenda juu na 8 kwenda kulia, au 16 na 11 za robo dakika. Kwa mita 25 kliki ya mili ni milimita 2.5, na sentimita 6 zinadai kliki 24. Mtu asiyejua hili hurekebisha kwa mita 25 kwa kliki 6 kama alivyosikia kwa jirani, akaona tundu limesogea sentimita moja na nusu tu, akarudisha darubini dukani kwa madai kwamba ni mbovu.

Ukienda mbali zaidi, kwa mita 200, kliki ya mili inakuwa sentimita 2 na ya robo dakika sentimita 1.45. Tuseme bunduki uliyoiwekea sifuri kwa mita 100, yaani uliyoirekebisha mpaka risasi ipige palepale msalaba unapolenga kwa umbali huo, inaangusha risasi sentimita 12 kwa mita 200. Gawanya 12 kwa 2, unapata kliki 6; gawanya 12 kwa 1.45, unapata 8. Risasi yako inashuka kiasi gani, darubini haijui na haitakuambia, kwa sababu hilo hutegemea uzito wa risasi, kasi yake na umbo lake, na huwezi kulijua kwa uhakika ila kwa kupiga karatasi kwenye umbali huo na kupima.

Kuhusu upande wa kuzungusha, usikisie. Mshale wenye neno UP, au herufi H kwenye darubini za Kijerumani, unaonyesha upande ambao tundu la risasi litahamia, si upande ambao msalaba wa kulengea utaonekana ukihamia. Darubini nyingi hupandisha kwa kuzungusha kinyume cha saa, ila zipo zinazofanya kinyume, na mwenye darubini mbili za aina tofauti ndiye hukosea kila mara. Ukichungulia huku unapandisha, utauona msalaba ukishuka juu ya karatasi, na usishtuke: msalaba unashuka ili nawe uinue mtutu kuurudisha kitovuni, na mtutu ulioinuliwa hupiga juu zaidi.

Kazi yenyewe kiwanjani

Kwanza ya kwanza ni usalama. Silaha zetu ziko chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha za moto na risasi, na kulenga shabaha hakufanywi nyuma ya nyumba wala ufukweni kwa sababu leo hakuna watu. Hufanywa mahali palipoidhinishwa, penye ukingo mrefu wa udongo nyuma ya karatasi. Kila unapogusa kifundo au skrubu, risasi ziwe zimetolewa na chemba iwe imefunguliwa, umeitazama kwa jicho na kuipapasa kwa kidole.

Umbali upime, usiukadirie kwa hatua. Asiye na tepu ndefu atumie baiskeli, ambayo kwa Tanga si kitu cha kutafuta. Weka alama ya chaki kwenye tairi la mbele na nyingine ardhini, isukume baiskeli bila kuipanda mpaka alama ya tairi iguse ardhi tena, kisha pima urefu huo. Gurudumu langu la inchi 28 hutoa sentimita 222, kwa hiyo mizunguko 45 hunipa mita 99.9, na hiyo ni sahihi kuliko hatua za mrefu na mfupi wanaobishana.

Hakikisha pete zinazoishika darubini zimekazwa, kwa sababu darubini inayocheza haina kliki. Kisha anza kwa mita 25, bunduki ikiwa imelazwa juu ya gunia la mchanga, ili risasi ya kwanza iangukie mahali fulani kwenye karatasi badala ya kupotelea kwenye udongo. Kumbuka kwamba darubini imekaa sentimita 4 au 5 juu ya mtutu, kwa hiyo bunduki itakayokuwa sawa kwa mita 100 hupiga kama sentimita 2 chini kwa mita 25. Ukiipandisha mpaka kitovuni kwa umbali huo, utajikuta juu ukirudi nyuma hadi mita 100. Kwa karatasi ya shabaha mimi hubandika kurasa za daftari la hesabu lenye miraba, baada ya kuupima mraba mmoja kwa rula, na hapo matundu yanajihesabu yenyewe.

Ukihamia mita 100, piga risasi tatu bila kugusa kifundo hata kama ya kwanza imekukera. Unganisha matundu matatu kwa penseli yawe pembetatu, weka nukta katikati yake, na pima kutoka nukta hiyo. Tundu moja peke yake linaweza kuwa limetokana na pumzi yako au na kidole kilichovuta kwa pupa, na anayerekebisha baada ya kila risasi huifukuza bahati yake huku na huku karatasini mpaka boksi liishe. Uache mtutu upoe kati ya kundi na kundi, hasa kwenye jua letu la saa sita, na usibadilishe aina ya risasi katikati ya kazi, kwani risasi nyingine ni sifuri nyingine.

Ipo njia ya mkato isiyohitaji hesabu, inayofaa kwa mwenye kifaa imara cha kuishikilia bunduki. Baada ya kupiga kundi na kuondoa risasi zote, funga bunduki ikiwa imelenga kitovu kilekile ulichokilenga, halafu, bila bunduki kusogea hata unywele, zungusha vifundo mpaka msalaba uhame kutoka kitovuni na kukaa juu ya nukta ya katikati ya kundi. Umeipeleka darubini kule ambako risasi zinakwenda. Njia hii haijali kama kifundo ni cha dakika au cha mili, na nimeiona ikimwokoa mzee mmoja aliyekuwa amekata tamaa kabisa na sehemu za kumi. Udhaifu wake ni kwamba bunduki ikiteleza kidogo tu juu ya gunia, kazi yote huanza upya.

Upepo nao usiuingize ndani ya sifuri. Msimu wa kusi, mchana wa pwani hausimami, na aliyeweka sifuri saa nane alasiri kwenye upepo wa ubavuni ataiona bunduki yake imepotoka asubuhi yenye utulivu, ilhali bunduki haina kosa. Fanya kazi hii mapema, kabla minazi haijaanza kucheza. Kliki za kushoto na kulia unazozihitaji kwa ajili ya upepo ni za siku ile na saa ile, nazo hurudishwa kazi ikiisha.

Je, kifundo kinasema kweli?

Maandishi ni ahadi, na ahadi hupimwa. Darubini za bei ndogo, na hata baadhi za bei kubwa zilizoanguka, husogea pungufu au zaidi ya zinavyodai, na nyingine hulala kimya kwa kliki tatu kisha zikaruka zote kwa pamoja mtikiso wa kwanza unapokuja. Kipimo chake hakihitaji bunduki wala risasi. Ifunge darubini kwa jiliwa juu ya meza nzito, ukiikinga kwa kitambaa isikwaruzwe wala kubanwa mpaka ibonyee, na mita 50 mbele yake simamisha ubao wenye mstari mmoja wa wima uliochorwa kwa timazi, timazi ileile ya fundi mwashi, wenye alama kila sentimita moja. Elekeza msalaba kwenye alama ya juu. Pandisha kliki 100 ukizihesabu kwa sauti. Kwa darubini ya 0.1 mili, msalaba unatakiwa uwe umeshuka sentimita 50. Kwa ya robo dakika hesabu kliki 120, ambazo ni dakika 30, na tegemea sentimita 43.6. Weka jicho katikati ya lenzi muda wote, kwa sababu kwa umbali mfupi jicho likihama, msalaba nao huonekana kuhama.

Ukikuta 48 badala ya 50, hujapata hasara. Umepata namba ya kweli. Kliki yako ni milimita 9.6 kwa mita 100, na utaitumia hiyo katika hesabu zako. Cha kutia wasiwasi zaidi ni mambo mawili: msalaba unaokwenda kombo badala ya kufuata mstari wa timazi, ambao mara nyingi humaanisha darubini imefungwa ikiwa imeinama, na msalaba usiorudi kwenye alama yake ya mwanzo baada ya kurudisha kliki zote 100. Darubini ya namna hii ya pili sifuri yake ni ya kubahatisha, na fedha ya kuitengeneza afadhali iongezwe kwenye kununua nyingine. Na kama kifundo kimekuwa kizito kwa chumvi ya baharini, tafadhali kisipakwe mafuta ya nazi. Niliwahi kuletewa kimoja kilichopakwa. Kilikuwa kikinukia vizuri na hakikuwa na kliki hata moja inayosikika.

Alama za ndani ya lenzi ni habari nyingine, nami nitaigusa tu. Darubini zinazokuza picha kwa viwango mbalimbali ziko za aina mbili. Katika aina moja msalaba hukua pamoja na picha, na vistari vyake vya mili au dakika ni vya kweli kwa ukuzaji wowote. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo imeenea kwa wawindaji, msalaba haubadiliki ukubwa, na vistari ni vya kweli kwa ukuzaji mmoja tu, aghalabu ule wa juu kabisa. Darubini yenye kufika mara 12 ukiishusha hadi mara 6, kistari cha mili moja kinafunika mili mbili. Lakini kliki za vifundo hazijali ukuzaji hata kidogo: kliki ya sentimita moja kwa mita 100 ni sentimita moja ukiwa kwenye mara 3 au mara 12. Watu wengi huzichanganya habari hizi mbili na kuanza kugawanya kliki kwa ukuzaji, jambo ambalo halina msingi.

Sifuri ikishakaa, vifundo vingi hukuruhusu kulegeza skrubu ndogo na kuizungusha pete yenye namba mpaka 0 ilingane na mstari, bila kusogeza kliki yoyote. Fanya hivyo polepole, kaza, kisha piga risasi moja ya uhakika kuthibitisha kwamba hukuvuta kifundo kizima pamoja na pete. Rudisha kofia zake, kwa sababu vumbi na unyevu wa huku kwetu hupita popote palipo wazi. Kisha chukua kipande cha plasta nyeupe, kibandike chini ya kitako, na uandike tarehe, aina ya risasi, umbali wa sifuri, na ukubwa wa kliki moja kwa mita 100 kwa milimita, kwa kalamu ya wino usiofutwa na jasho.